Kaimu Nyoka wa Bustani ya Marudio

Andengenye alikuwa amelala kifudifudi kwenye korido ya Wizara ya Mwanzo, akijivuta kwa viwiko kuelekea mlango wa masjala. Suti yake, ambayo mkewe aliipiga pasi asubuhi ile, ilikuwa imeshapata weupe wa vumbi kuanzia kwenye tai mpaka magotini.

"Kiuno, bwana Andengenye, kiuno," alisema Mkurugenzi Shekivuli, aliyekuwa akimfuata polepole na kikombe cha chai mkononi. "Unakwenda kama mtu aliyedondosha funguo. Nyoka hatumii viwiko."

"Nisipotumia viwiko, Mkurugenzi, siendi."

"Jitahidi. Mtukufu anakuja Jumamosi."

Makarani waliokuwa wakipita walimruka kwa adabu. Walio wadogo kwake walimwamkia shikamoo, naye akawaitikia marahaba kutoka sakafuni. Alipofika kwenye zulia la masjala alipumzisha shavu.

"Naomba kuuliza," alisema. "Kwenye Maandiko nyoka alianza kutambaa baada ya kulaaniwa. Kabla ya hapo alikuwa na namna yake nyingine ya kwenda. Mimi bado sijakosa chochote. Hata kazi yenyewe sijaianza. Kwa nini nafundishwa kutambaa?"

Mkurugenzi alikunywa chai funda moja.

"Ni maandalizi tu. Serikali haipendi kushtukizwa."

Andengenye alikuwa mtu wa kuridhika na majibu. Aliridhika na hilo, akageuka taratibu, akaanza safari ya kurudi.

*

Nchi hiyo haina haja ya kutajwa jina, maana imeshabadilishwa jina mara nyingi na wenyewe huuliza. Watu wake walikuwa wema, wakarimu, wapenda sherehe. Walikuwa na tabia moja tu ambayo mgeni angeiona haraka: kila waliposikia habari ya mtu aliyeshindwa jambo, walisema, "Ingekuwa mimi." Mwizi akikamatwa mlangoni, walisema ingekuwa wao wangepitia dirishani. Mchezaji akikosa penalti, vikongwe ambao hawajawahi kugusa mpira walieleza kona ambayo wao wangeilenga. Na kila Jumapili waliyosomewa habari za Adamu na Hawa, walitoka kanisani wakasimama nje kusikitika. Bustani nzima kapewa. Mti mmoja tu ndio kakatazwa. Ingekuwa mimi.

Mtukufu, Mkuu wa Nchi, alikuwa mwananchi kama wananchi wengine, ila yeye alikuwa na redio. Siku moja baada ya ibada akaitumia.

"Ndugu wananchi," alisema. "Nimeusoma upya mwanzo wa dunia, na nimesikitishwa na utekelezaji wake. Tatizo la Adamu halikuwa dhambi. Tatizo lilikuwa usimamizi. Hakupewa semina. Hakuundiwa kamati. Mlinzi hakuwekwa getini mpaka mambo yalipokwisha kuharibika, ndipo wakaletwa makerubi. Mimi nasema, taifa letu litaurudia mtihani ule kwa niaba ya wanadamu wote. Na litafaulu. Matokeo mazuri nayatangaza leo hii, ili wahusika wajue wanachotakiwa kufikia."

Wananchi walipiga makofi kila mmoja mbele ya redio yake.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Bustani ya Marudio, kwenye uwanja wa nyuma ya wizara. Mti uliochaguliwa ulikuwa mpera, kwa sababu ulikuwa umeshaota hapo. Tangu zamani hakuna aliyewahi kuugombea isipokuwa popo. Nje ya geti, hatua chache tu, mama mmoja aliyeitwa Mama Tumaini alikuwa akiuza mapera ya aina hiyohiyo kwa mafungu, na ukimsalimia vizuri alikuongezea. Lakini mpera wa ndani ulizungushiwa utepe mwekundu, ukawekewa ubao wa MARUFUKU, na kuanzia siku hiyo watu wazima walianza kupita karibu na ukuta wakivuta pumzi kwa nguvu.

Adamu wa taifa alipatikana kwa usaili. Alikuwa Bwana Zabloni, mkaguzi wa shule, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuchukua pipi ya pili kwenye kikao. Hawa alikuwa Bi Eneris, mwalimu wa kwaya, aliyesifika kwa kuondoka harusini kabla ya chakula. Suala la uchi lilichukua vikao vingi. Mwishowe ikaamuliwa kwamba watakuwa uchi kwa mujibu wa kanuni, ila wavae. Zabloni akaja na suti yake ya kaki, Bi Eneris na kitenge chake, na kila mmoja akabandikwa beji kifuani iliyoandikwa UCHI. Watu waliokutana nao bustanini waliinamisha macho kama kanuni zilivyotaka.

Ndipo mwanasheria wa wizara akakumbusha kwamba mtihani bila nyoka si mtihani. Nafasi ya Nyoka alipewa kwanza kijana wa waziri, aliyesoma ng'ambo. Kijana aliuliza nyumba, akauliza gari, kisha akauliza sura inayohusu mwisho wa nyoka. Alipoisoma alitoka kwenda msalani na hajarudi mpaka leo. Ikabidi atafutwe mtu wa ndani. Andengenye alikuwa karani wa mapokezi, na kazi yake ilikuwa kuwaambia watu warudi kesho. Aliwaambia kwa sauti laini sana hata kesho yake wakarudi kweli, wakashukuru, wakaambiwa tena. Mkurugenzi alisema sauti ya namna hiyo isiachwe ipotee. Akateuliwa Kaimu Nyoka.

Jioni hiyo alimweleza mkewe, Subilaga, aliyekuwa akichambua maharage.

"Nyoka," alisema Subilaga.

"Kaimu."

"Na wakikuthibitisha?"

"Nitakuwa Nyoka kamili."

Subilaga alitupa kijiwe nje, akaendelea kuchambua. "Kwetu nitasema umepandishwa cheo tu. Wakiuliza cheo gani, nitawaambia waje wakuulize wewe mwenyewe."

*

Hotuba ya kushawishi Andengenye aliiandika mwenyewe, nayo ilikuwa fupi. Ilikuwa ni swali moja, kama watu hawa wamekatazwa kweli. Lakini katika nchi hiyo hakuna mtu wa serikali anayesema hadharani maneno ambayo hayajapitishwa. Hotuba ikapelekwa juu. Ikarudishwa kwa kukosa salamu kwa wageni waalikwa. Ikapelekwa tena. Mwanasheria akaona kwamba kuuliza kama katazo ni la kweli kunaweza kuchukuliwa kuwa ni kulipinga, akashauri nyoka aanze kwa kulipongeza. Ikapelekwa tena. Safari hii haikurudi. Wakati mtihani unafunguliwa, Kaimu Nyoka alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya utepe, mikono mapajani, akisubiri ruhusa ya kufungua kinywa. Ndiyo sababu aliona kila kitu.

Aliona kamati ikija kwanza, ya kupima ubora. Walisema si haki kumkataza mtu tunda kabla haijajulikana kama ni zuri, isije ikawa taifa limefaulu kwa sababu ya mapera mabovu. Wakaonja. Hawakukubaliana, wakaonja tena.

Aliona viongozi wa dini walioalikwa kuuombea mti. Waliomba kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, na walipoyafumbua tawi la chini lilikuwa tupu. Walitazamana kwa upendo, wakasema amina.

Aliona walinzi. Mmoja alisema anakula yale yaliyotaka kuanguka, ili yasianguke.

Bi Eneris alikuja akiwa amekunja uso. "Watu hawana hata haya," alisema, akimtazama Andengenye kama shahidi wa haya yake yeye. "Mimi nitachukua moja niwaonyeshe linavyotakiwa kuachwa." Alilichukua, akatafuta mahali pazuri pa kuliachia, na mahali hapo alipapata nyuma ya mti.

Zabloni ndiye aliyechukua muda mrefu kuliko wote. Alisimama chini ya mpera, mikono nyuma, kifua mbele.

"Andengenye," alisema. "Unajua Adamu alikosea wapi? Alikuwa hajijui. Mimi najijua. Naweza kulishika pera hili mkononi, nikalinusa, na nisile. Unaona? Nimelishika."

Andengenye hakuwa na ruhusa ya kusema, akaitikia kwa kichwa kwamba ameona.

"Naweza hata kuliweka mdomoni," alisema Zabloni.

Alipomaliza kutafuna, aligeuka. Bi Eneris alikuwa ametokea nyuma ya mti, anafuta midomo. Walitazamana. Wale wa kwanza, inasemekana, walitafuta majani. Hawa wawili kwa kuwa walikuwa wamevaa hawakuhitaji majani, lakini mikono yao ilipanda kifuani kwa pamoja, bila kuambizana, na kila mmoja akaigeuza beji yake ikatazama ndani.

*

Kufika Jumatano mti haukuwa na tunda hata moja, na Mkurugenzi Shekivuli akaitisha kikao palepale bustanini, jioni, wakati wa upepo. Yeye alikaa kwenye kiti chenye mto. Beji yake ya kazi nayo ilikuwa imegeuka, lakini alisema ni upepo.

"Matokeo mazuri yameshatangazwa na Mtukufu mwenyewe," alisema. "Kwa hiyo hatuko hapa kuuliza kama tumefaulu. Tumefaulu. Tuko hapa kuuliza mapera yako wapi. Bwana Zabloni."

"Ni mwanamke huyu mliyenipangia," alisema Zabloni. "Nilipomwona anatoka nyuma ya mti nilifadhaika."

"Ulikuwa umeshakula."

"Nilifadhaika mapema."

"Bi Eneris."

"Nyoka," alisema Bi Eneris bila kupoteza muda, na watu wote walionekana kupumua vizuri zaidi.

Andengenye alisimama. "Mkurugenzi, mimi sijasema neno. Hotuba yangu bado iko juu."

"Hapo hapo," alisema Mkurugenzi kwa huzuni ya kweli. "Hapo ndipo kosa lilipo. Tulijiandaa na nyoka anayesema. Semina nzima ilihusu namna ya kumkatalia nyoka anayesema. Wewe ukakaa kimya. Watu wakakusubiri, ukimya ukawatia wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hula."

Wajumbe waliguna kukubali. Mmoja aliandika neno wasiwasi na kulipigia mstari.

Hapo ndipo Andengenye alipoelewa lile somo la korido. Tamko la laana, kumbe, lilikuwa limeshachapwa na kupigwa mhuri tangu kabla mti haujazungushiwa utepe. Mtukufu angelisoma Jumamosi uwanjani, mbele ya umma: Kaimu Nyoka athibitishwe kazini, na tangu siku hiyo aende kwa tumbo lake siku zote za maisha yake, ofisini, njiani na nyumbani, na mlo wake uwe vumbi, isipokuwa sikukuu.

*

"Nyumbani pia?" aliuliza Subilaga.

"Wameandika nyumbani."

"Na ile ngazi ya mlangoni?"

Andengenye alikuwa ameketi kwenye kigoda akiitazama ngazi, ambayo kwa miaka yote aliyokaa hapo hakuwahi kuona kwamba ni ndefu.

"Baba wa watu," alisema Subilaga, "wewe ulikula au hukula? Niambie mimi."

"Sikula. Hata moja. Nilikuwa nasubiri ruhusa."

"Fungua kinywa."

Alifungua. Subilaga alimvuta karibu na dirisha, akamgeuza kichwa huku na huku kama anayemtazama mbuzi wa kununua.

"Pera halifichiki," alisema. "Mbegu zake zinajichimbia kwenye meno, zinakaa humo mpaka zichoke zenyewe. Kwako hamna kitu. Kesho nenda ukawaambie na wao wafungue."

Kesho yake, kwa sauti yake laini ya mapokezi, Andengenye aliomba jambo hilo moja. Hakuna aliyeona namna ya kukataa bila kufungua kinywa. Nesi wa zahanati ya wizara aliletwa na tochi na vijiti vya meno, wakapangwa foleni. Kwa Zabloni alipata mbegu kwenye gego. Kwa Bi Eneris alipata mbele, mbili, zimekaa vizuri kabisa. Kamati ya ubora ilikuwa na mbegu kila mahali. Mwanasheria alidai zake ni za nyanya. Viongozi wa dini walifungua kinywa wakiwa wamefumba macho. Mkurugenzi alisema yeye ana meno ya bandia, akaombwa ayatoe, akasema basi yaachwe yalivyo. Nesi mwenyewe alifanya kazi yote hiyo kimya, midomo ameibana.

Alipofika kwa Andengenye alimulika kwa muda mrefu.

"Hamna," alisema, akaziba mdomo wake kwa mkono haraka.

Katika nchi nzima iliyosema ingekuwa mimi, alikuwa amepatikana mmoja, naye ni nyoka.

Wakamwondolea lile tamko. Wakamtengenezea beji mpya, kubwa kuliko zote, iliyoandikwa HAKULA.

*

Inapasa kusema kwa uangalifu kilichotokea baada ya hapo, maana Andengenye alikuwa mtu mwema na hakuna anayemtakia mabaya.

Alianza kutembea wima zaidi. Hilo si kosa kwa mtu aliyeponea chupuchupu kutambaa. Kisha akaomba kiti chake cha plastiki kibadilishwe. Kisha, kwenye korido, Zabloni alipompisha, alisimama akamwekea mkono begani.

"Ndugu yangu Zabloni," alisema kwa upole. "Sikulaumu. Lakini mti mmoja tu. Ingekuwa mimi."

"Ulikuwa wewe," alisema Zabloni. "Ulikuwa umekaa pale."

"Ndiyo maana nasema."

Nyumbani alikula akiwa na beji kifuani. "Mama," alimwambia mkewe, "umewahi kufikiri kwamba tangu Adamu, mtu wa kwanza ni mimi?"

"Sijawahi," alisema Subilaga. "Toa hiyo beji, inaingia kwenye mchuzi."

"Nadhani mimi nina kitu ambacho wenzangu hawana."

"Ulikosa ruhusa. Hicho ndicho wenzako hawakuwa nacho." Lakini Andengenye alikuwa anatazama mbali, juu ya ngazi, mahali ambapo pengine siku moja watu wangepiga picha.

*

Ijumaa ikafika, na mti ulikuwa mtupu, na Mtukufu angekuja kesho yake kukagua mapera ambayo taifa zima lilikuwa halijayala. Mkurugenzi alituma watu kwa Mama Tumaini wakanunua mafungu yote.

"Ya ndani yamekwisha?" aliuliza Mama Tumaini.

"Hayajaguswa," walisema.

"Basi sawa," alisema, akawaongezea mawili.

Mapera yangefungwa mtini kwa uzi, moja moja, yarudi kama yalivyokuwa. Lakini kanuni mpya, iliyotungwa kwa aibu na kupitishwa kwa haraka, ilisema mti usikaribiwe na mtu yeyote aliyekula. Ambaye hakula alikuwepo mmoja tu. Mkurugenzi alimkabidhi Andengenye ngazi, beseni la mapera, sindano ya kushonea magunia na kibunda cha uzi.

"Na mkasi?" aliuliza Andengenye.

"Mkasi umeshaombwa. Ombi liko juu."

Akaanza kazi saa za mchana, peke yake ndani ya utepe, wenzake wote wamesimama ng'ambo wakimtazama. Alipitisha sindano kwenye pera, akavuta uzi, akafunga fundo kwenye kitawi, akakata uzi kwa meno. La pili hivyohivyo. Alifanya kwa utaratibu, tawi kwa tawi, na kila alipomaliza moja aliwatazama wale wa nje kidogo, ili waone linavyofanyika.

Uzi unapopita ndani ya pera lililoiva hutoka umelowa. Andengenye alilijua hilo mara ya kwanza tu alipokata kwa meno, lakini hakulifikiria, kwa kuwa yeye alikuwa HAKULA na kitu kama hicho kwake hakikuwa na maana. Ulikuwa utamu mdogo, kwenye ncha ya ulimi. Ni uzi tu. Aliendelea. Baadaye aliona kwamba anakata uzi karibu zaidi na pera kuliko ilivyokuwa lazima. Akajieleza kwamba ni ili fundo lisionekane. Baadaye tena aliona kwamba baadhi ya nyuzi anazikata mara mbili. Hilo nalo alikuwa na maelezo yake, mazuri tu. Zabloni hakuwa na nidhamu, yeye anayo. Mtu asiyejizuia hawezi kukata uzi kwa meno mchana kutwa na kubaki kama alivyo. Yeye ameweza. Hata angeweza kuligusa pera lenyewe kwa meno, kidogo, pale penye tundu la sindano, na bado akabaki kama alivyo.

Walio nje walikuwa wamechoka kutazama, wamekwenda kunywa chai. Upande wa mbele wa mti ulikuwa umejaa, unapendeza, na upande wa nyuma bado ulikuwa matawi matupu. Jua lilikuwa limepungua nguvu. Andengenye alihamisha ngazi nyuma.

Alikuwa bado huko, hajafunga hata moja, aliposikia viatu vikija taratibu kwenye nyasi.

"Andengenye," iliita sauti ya Mkurugenzi. "Uko wapi?"

Swali lilikuwa la kawaida na Andengenye alilijua jibu lake, lakini hakulitoa. Alisogea nyuma ya shina. Aliubana mgongo wake kwenye gome, na hapo ndipo alipouona mkono wake mwenyewe, ukiwa umeshafika kifuani na umeshamaliza kuigeuza beji.

Mkurugenzi alizunguka mti. Alimtazama, akatazama chini ya ngazi penye masalia ya maganda, akatazama beji.

"Mbona umejificha?"

"Nilisikia sauti yako, nikasogea kidogo," alisema Andengenye. Ulimi wake ulikuwa unahangaika nyuma, kwenye gego la kushoto, ambako kambegu kadogo kalikuwa kamejichimbia na hakataki kutoka. "Ni huu uzi, Mkurugenzi. Uzi huu ulionipa wewe."

Mkurugenzi Shekivuli hakukasirika. Alimtazama kwa namna mtu anavyomtazama ndugu yake wa damu aliyekutana naye mahali ambapo wote wawili hawakutakiwa kuwepo. Kisha akainua macho kwenye matawi matupu, akaona giza halitachukua muda.

"Tuiache hapo," alisema. "Mtukufu atasimama upande wa mbele. Huku nyuma utamalizia asubuhi, kabla hajafika."

"Kesho," alisema Andengenye kwa ile sauti yake laini ya mapokezi.

Akachukua beseni, akaiacha ngazi mtini tayari kwa asubuhi, akaenda zake nyumbani amefunga kinywa.